Mstari Ulionyooka Chumbani kwa Mama

Kazi yangu ni kupima nyumba. Nikisema hivyo watu hudhani ninazunguka na futi ya kamba kama fundi seremala. Mimi ninapima hewa ya ndani, joto, unyevu, na kama chumba kina mtu au hakina. Kila chumba kinapachikwa kisanduku kidogo ukutani, kidogo kuliko kiberiti cha jikoni, na kila baada ya dakika chache kisanduku hicho kinaandika kilichokiona na kukituma kwa laini ya simu hadi kwenye kompyuta yangu mjini Moshi. Nyumba za namna hiyo tunaziita nyumba janja. Mama yangu aliposikia jina hilo mara ya kwanza aliniuliza kama zipo pia nyumba jinga, na kama zipo, basi bila shaka mojawapo ni ile aliyonizalia mimi.

Nyumba ninayotaka kuisimulia ni ya kaka zangu wawili wa Dar es Salaam. Waliijenga kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, Kirua Vunjo, katikati ya migomba na mibuni iliyobaki. Kwetu kila mwenye mtoto aliyefanikiwa ana nyumba kama hiyo: vigae sakafuni, madirisha makubwa, vyumba vya kulala vitano, na inajaa wiki mbili za Desemba, watu wanapopanda kwao kwa Krismasi, kwenda kuhesabiwa, kama Watanzania wenzetu wanavyotutania. Januari geti linafungwa, anabaki mzee mmoja na funguo zake. Baba alikuwa ameshafariki, amelala chini ya masale, mimea tunayopanda makaburini, nyuma ya uwanja, kwa hiyo mzee wa funguo alikuwa mama.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kwenye utafiti wa chuo kimoja mjini, kuhusu namna ya kubuni nyumba kama hizo, kuzifuatilia na kuzipa alama, hasa huku juu kwenye baridi. Niliwaomba kaka zangu nyumba yao iingizwe kwenye utafiti tangu ikiwa michoro. Walikubali kabla sijamaliza kueleza. Walichokisikia katika maelezo yangu yote ni kwamba wangeweza kumwona mama kwenye simu.

Mama hakuulizwa mengi. Aliulizwa siku moja tu, mchoraji alipopanda na ramani yake, tukaitandaza juu ya meza ya uani na kuibana kwa vikombe vya chai. Mama aliomba kitu kimoja: dirisha la chumba chake litazame banda la ng'ombe. Mchoraji akacheka kwa heshima. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema habari za harufu na nzi, nikasema dirisha lake litatazama mlima, wazungu wanalipa pesa nyingi kuuona mlima ule.

"Mlima nimeutazama tangu nizaliwe," mama alisema. "Hauzai usiku. Ng'ombe ndiye anazaa usiku, na nisipomsikia nitaamka kukuta ndama amekufa."

Dirisha likatazama mlima.

Kitu kingine tulichotaka ni kubomoa jiko la zamani, lile banda la mbao na bati ambalo mama alipikia maisha yake yote, limepakana ukuta kwa ukuta na banda la ng'ombe. Alikataa. Alisema ataweka humo kuni, ndizi za kuivisha na majani ya ng'ombe. Sikubishana naye. Kwenye ramani ya kiwanja nikaandika pale neno "stoo". Katika utafiti wetu stoo hazipimwi. Hilo si jambo la siri, limo kwenye mwongozo, na mwongozo nilishiriki kuuandika.

Siku ya kupachika visanduku mama alinifuata chumba hadi chumba, amejifunga kitenge kiunoni kama mtu anayesimamia mafundi. Jikoni, juu ya jiko la gesi jipya ambalo hakuwahi kuliamini, nilipachika kimoja chenye taa ya kijani. Akauliza kinafanya nini. Nikamwambia kinanusa sumu ya gesi na ya mkaa, ile isiyo na harufu, na kikiinusa kinapiga kelele hadi mtaa wa pili.

"Kinasikia harufu ambayo pua haiisikii?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hicho ni kizuri," akasema, akaenda kuleta kiburu cha ndizi na maharage alichonipikia.

Tulipokuwa tunakula nikamweleza vingine. Kwamba hivi vya vyumbani vinaona kama chumba kinatumika. Kwamba nyumba isiyotumiwa inapata alama ndogo, hata iwe nzuri namna gani.

"Alama anapewa nani?" akauliza.

Nilicheka. Nikasema, "Mimi, mama. Nyumba ikifeli nimefeli mimi."

Nilisema kwa utani. Lakini nilikuwa ninamwambia mwanamke aliyewahi kutembea kwa miguu hadi shuleni, mvua ikinyesha, kumuuliza mwalimu wa hesabu kwa nini binti yake amepewa alama ndogo wakati nyumbani anajua. Nilitakiwa kumjua mtu niliyekuwa nikitania naye.

Takwimu zikaanza kuja, na zilikuwa nzuri kupita nyumba zote za utafiti. Saa moja asubuhi mwendo chumbani kwa mama, kisha sebuleni, kisha jikoni. Madirisha yanafunguliwa kwa zamu kama nilivyomfundisha. Saa kumi jioni mwendo tena. Saa mbili usiku mlango wa chumba chake unafunguliwa, taa inawaka, inazimwa. Sijawahi kuona mtu anayeitumia nyumba kwa utaratibu kama ule. Kwenye kundi la familia la simu kaka mkubwa alikuwa akiandika kila asubuhi, "Mama kaamka," na sisi wengine tunaweka kidole gumba. Kulikuwa na alama ya kijani kibichi kwenye simu zetu. Ikiwaka, mama yupo.

Polepole tukaacha kumpigia. Kwa nini umpigie mtu unayemwona? Hata Desemba ile kaka zangu hawakupanda. Mimi niliyekuwa karibu, mwendo wa saa moja na ushee kama mvua haijaharibu barabara, nilikuwa nikipanda kila Jumamosi. Ikawa Jumamosi moja kwa mwezi. Kisha ikawa nitakapomaliza taarifa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na sisi tulijiona tumeipata ile inayofika.

Kuna mstari mmoja lazima niueleze, kwa sababu ndio unaoninyima usingizi. Mtu akilala chumbani anapumua, na hewa aliyoitoa inajikusanya. Kwenye karatasi mstari wa hewa unaanza kupanda anapolala, unapanda hadi alfajiri, na dirisha likifunguliwa asubuhi unaanguka. Kila chumba cha kulala duniani kina mstari wa namna hiyo. Chumba cha mama hakikuwa nao. Usiku kucha mstari ulikuwa umenyooka, kama uzi uliovutwa.

Niliuona. Sitaki mtu aniondolee lawama kwa kusema sikuuona. Niliuona wiki ya pili, nikakaa nao nusu siku, nikaandika: "Uingizaji wa hewa ni bora sana, usiku wote." Nikaeleza kwamba ni kazi ya matundu tuliyoyabuni juu ya madirisha. Mkuu wa utafiti wetu alifurahi mno. Alionyesha mstari ule kwenye warsha, wageni wakaupiga picha kwa simu zao, na mimi nikasimama pembeni nimevaa gauni jipya, ninapongezwa. Hakuna aliyeuliza kama ndani ya kile chumba kuna mtu. Mlango si ulifunguliwa saa mbili? Asubuhi si kuna mwendo?

Kulikuwa na kanuni nyingine. Mtafiti akilala kwenye nyumba anayoipima, usiku huo unafutwa kwenye hesabu, kwa kuwa mgeni naye anapumua na kuharibu vipimo. Ni kanuni nzuri na ninaiheshimu. Katika mwaka mzima nililala kule mara nne. Vyumba vilikuwa vitano, lakini kila nilipolala mama alikuja kulala na mimi kwenye kitanda chake kikubwa. Alisema kitanda kile hakifai mtu mmoja. Alilala upande wa ukutani, miguu yake baridi, akinihadithia nani amefiwa na nani ameongeza ng'ombe. Mara ya mwisho aliniuliza, "Na usiku huu nao unaandikwa?"

"Huu tutaufuta, mama."

"Mbona mnaufuta, na mimi nitalala vizuri?"

"Ni kanuni."

Alijua kanuni ni kitu gani. Alikuwa mzee wa kanisa kwenye mtaa wetu kwa miaka mingi.

Julai baridi ya huku juu huwa si ya kutania. Mawingu yanashuka mpaka kwenye migomba, manyunyu hayakatiki, na nguo zinakaa siku tatu kwenye kamba bila kukauka. Ng'ombe wa mama alikuwa kwenye mwezi wa kuzaa. Nilimwahidi ningepanda Jumamosi. Alhamisi mchana nikampigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakuja na nini? Niletee viazi vya huko sokoni."

Nikamwambia taarifa imenibana, nitakuja Jumamosi ya wiki inayofuata. Akasema, "Kazi kwanza. Huku tupo." Nilimsikia anamwambia mtu, au pengine anamwambia ng'ombe, kwamba mtoto haji.

Ijumaa asubuhi alama ya kijani haikuwaka. Kaka mkubwa aliandika, "Mama leo kawahi shambani." Tukaweka vidole gumba. Mtambo wenyewe ulikuwa umepangwa kungoja siku nzima kabla ya kutoa onyo, kwa sababu siku za ibada ya akina mama alikuwa akitoka mapema na onyo lilikuwa likitusumbua bure. Mimi ndiye niliyeupanga hivyo.

Aliyetoa taarifa alikuwa ng'ombe. Mama mdogo, mke wa mdogo wake baba, ambaye kihamba chake kimepakana na chetu, alimsikia analia tangu kunapambazuka bila kunyamaza. Alidhani mama yuko naye. Ilipofika saa tano akaja kutazama. Ng'ombe alikuwa amezaa na ndama hayupo. Mlango wa jiko la zamani ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akawaita wanaume wakauvunja.

Mama alikuwa amemwingiza ndama ndani ili apate joto. Alimfuta kwa nguo kuukuu, akamlaza kwenye majani makavu, akawasha jiko la mkaa. Upepo ulikuwa unapita kwenye mbao, kwa hiyo aliziba nafasi zote, moja baada ya nyingine, kwa magunia na majani makavu ya mgomba. Aliziba vizuri. Alikuwa mtu wa kufanya kila kitu vizuri. Kisha akajilaza karibu na ndama kungoja asimame. Walikutwa hivyo wote wawili, ndama na yeye.

Nilifika saa nane mchana. Nilikuta akina mama wamekaa kwenye mikeka uani, wananitazama namna ile watu wanavyomtazama mfiwa ambaye bado hajalia. Niliingia jiko la zamani. Nilitegemea kuona stoo. Niliona kitanda cha mbao, godoro, shuka zilizofuliwa, blanketi nililompa Krismasi. Biblia na kitabu cha nyimbo juu ya kigoda, miwani juu yake. Redio. Kitenge cha kanisani kimetundikwa kwenye msumari, na msumari wenyewe umeota kutu ya siku nyingi. Nguo zake zote zilikuwa humo. Kule kwenye nyumba mpya, baadaye nilipofungua kabati lake, kulikuwa na taulo za wageni.

"Shikamoo, mama mdogo," nilisema, kwa kuwa sikujua niseme nini kingine.

"Marahaba, mama. Pole sana."

"Alikuwa analala hapa tangu lini?"

Alinitazama kama ninauliza jina langu. "Siku zote. Alisema kule vigae vinapandisha baridi kwenye mifupa, na ng'ombe hamsikii."

"Lakini kule nilikuwa ninamwona. Kila siku."

"Kule alikuwa anapita tu," akasema. "Asubuhi na jioni, anafungua madirisha, anawasha taa, anatembea vyumba vyote. Hata akiwa na homa. Siku moja nilimwambia, dada, pumzika. Akasema hapana, ni mtihani wa mwanangu, wakikuta hakutumiki atafeli."

Nilikaa kwenye kigoda cha kukamulia. Sikulia bado. Nilikuwa ninahesabu hatua kutoka pale hadi jiko jipya, kisha nikainuka nikaenda kuzihesabu kweli. Ni hatua ishirini na mbili. Kisanduku kilikuwa ukutani juu ya jiko la gesi, taa ya kijani inawaka, kinasema hewa ni salama.

Kaka mkubwa alifika kesho yake na gari. Alisimama mbele yangu uani, macho mekundu.

"Si ulisema kile kidude kinapiga kelele?"

"Kinapiga."

"Mbona hakikupiga?"

"Hakikuwa kule, kaka."

Hakusema na mimi tena mpaka mazishi yalipokwisha, na sikumlaumu. Tulimzika pembeni mwa baba. Mchungaji alihubiri vizuri, na waombolezaji waliniambia kwa zamu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Niliwashukuru kwa mdomo. Moyoni nilikuwa na hasira. Mungu hakuichora ile ramani. Mungu hakuandika "stoo".

Ndugu walijaa kwenye nyumba mpya siku zote za matanga. Chumbani kwa mama walilala shangazi wanne, wawili kitandani na wawili kwenye magodoro chini. Hakuna aliyekumbuka kuzima visanduku, hata mimi.

Niliporudi ofisini, mkuu wa utafiti alinipa pole ya kweli. Yeye pia amezika mama. Baada ya siku kadhaa akaniambia kwa upole kwamba siku za msiba itabidi zifutwe, maana hayo si matumizi ya kawaida ya nyumba. Nilikubali. Nikazifungua ili nizifute.

Mstari wa chumba cha mama ulikuwa unapanda. Kila usiku wa matanga ulianza chini, ukapanda hadi juu kabisa ya karatasi, ukakaa huko mpaka asubuhi. Matundu yetu ya kuingiza hewa hayakuwa yanaingiza chochote. Chumba kilikuwa kimefunikwa kama chungu, na mtu yeyote aliyelala mle angeonekana. Mwaka mzima mstari ulionyooka ulikuwa ukiniambia jambo moja tu, na mimi nililiita uingizaji bora wa hewa na kulipigia makofi.

Sikuzifuta. Badala yake nilikwenda pale zinapokaa zilizofutwa, nikazirudisha zile mara nne nilizolala kule. Nilizipanga moja chini ya nyingine. Zote zinafanana. Mstari unaanza kupanda mapema, kwa kuwa tulikuwa tunalala mapema, unapanda kwa pumzi za watu wawili bila haraka, na saa kumi na moja alfajiri unaanguka, alipoamka yeye kwanza na kufungua dirisha la kutazama mlima ili hewa iwe nzuri kwangu. Hakuna usiku mwingine kama huo. Nilitafuta siku zote za mwaka, jalada kwa jalada, mpaka macho yakaniuma.

Kwenye taarifa niliandika kwamba chumba kikuu cha kulala hakikulaliwa na mwenye nyumba, isipokuwa mara nne. Mkuu wa utafiti aliniita, akaweka kidole kwenye sentensi hiyo, akauliza ushahidi uko wapi. Nikamwonyesha ile mistari minne.

Alisoma tarehe zake moja moja. "Takwimu hizi hatuwezi kuzitumia," akasema. "Kanuni unaijua. Ulikuwepo."

"Ndiyo," nikamwambia. "Alilala kwa sababu nilikuwepo."